Gari Likisimama, Reli Ising'olewe

Mtu wa Ruaruke akitaka kupanda gari la moshi, hana budi kwanza apande gari la barabarani. Kutoka kwetu, huku pembeni mwa delta ya Rufiji, aende mpaka barabara kuu, apite Kibiti, apite Mkuranga, afike Dar es Salaam, ndipo aulize stesheni iko wapi. Reli haijapata kupita kwetu. Kwa hiyo huenda ndugu zetu wa Morogoro, Tabora na Moshi wakashangaa kuona tahariri ya juma hili inasema habari za magari ya moshi yaliyoondolewa. Watauliza: Ninyi watu wa mpunga, minazi na mikorosho, mna shauri gani na reli? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi twaijua njaa ya reli, na twataka kueleza jinsi ilivyotupata, kwa maana haikuanguka kutoka mbinguni.

Tuanze na yaliyo karibu. Mwaka 2024 treni mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha ikafika Dodoma. Ni kazi kubwa, na kila mwananchi mwenye macho ameifurahia. Mtu aliyezoea kukesha njiani sasa hutoka Dar es Salaam asubuhi akafika Dodoma chakula cha mchana hakijaiva. Lakini jambo jipya likija, la zamani huulizwa: Wewe bado wafanya nini hapa? Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuulizwa swali hilo. Mwaka 2017, walipofungua reli yao mpya kati ya Mombasa na Nairobi, gari la zamani la abiria, lile lililokuwa likisafiri usiku kucha, liliondolewa. Aliyeko Mombasa mjini na aliyeko Nairobi hawakupoteza kitu, walipata gari bora. Wa kuhurumiwa ni vituo vidogo vya njia ya zamani ambavyo gari jipya halivijui. Vimebaki na majengo yake na benchi zake za kungojea, na hakuna cha kungojea.

Hatusemi kwamba hapa nchini ndivyo itakavyokuwa. Twasema swali litakuja, leo au kesho, kwa njia hii au ile, na litakapokuja litakuja na maneno yale yale: abiria hawatoshi, mizigo haitoshi, gari linakula hasara. Maneno hayo si mageni hapa kwetu. Yalikwisha kusemwa Kusini, yakatendwa, na matokeo yake tunayo mpaka leo.

Wasomaji wetu vijana huenda hawajui kwamba Kusini kulikuwa na reli. Ilikuwako. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Vita vilikuwa vimekwisha, Waingereza walikuwa wamepungukiwa na mafuta ya kula, na mabwana wa London wakapiga hesabu kwamba ekari 3,210,000 za pori zingewalisha. Wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wenyeji hawakuulizwa habari za udongo wala za mvua. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, matrekta yakavunjika, mvua ikakosekana, na mapema mwaka 1951 mradi ukaachwa, paundi milioni 36 zikiwa zimeteketea. Lakini katika upumbavu ule palikuwa na jambo moja la maana. Ili karanga za Nachingwea zifike baharini ilijengwa reli, nayo ikaanza kazi mwaka 1949. Ikajengwa na bandari ya Mtwara, yenye maji ya kina kirefu, iliyofunguliwa mwaka 1954. Karanga hazikuonekana. Reli na bandari zilionekana, nazo zilikuwa mali ya nchi hii, hata kama aliyezijenga hakuwa na nia hiyo.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na kabla haujatimiza miaka miwili reli ya Kusini ilikuwa imekwisha kufungwa. Ilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki, ambalo makao yake yalikuwa Nairobi. Vitabu vya hesabu vilionyesha hasara, na kwa siku ile havikusema uongo. Reli ilijengwa ichukue karanga, karanga hazikuwako, na mkulima wa Kusini wakati ule hakuwa na mzigo wa kujaza mabehewa. Wangeishia hapo, wakasimamisha gari, wakafunga stesheni na kutia kufuli, tusingekuwa na mengi ya kusema. Hawakuishia hapo. Reli ziling'olewa zikachukuliwa. Kilichobaki ni tuta, na tuta lisilo na reli ni njia ya mbuzi.

Sasa tutazame yaliyofuata, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Wakati reli inang'olewa, mikorosho iliyopandwa Mtwara, Lindi na hata kwetu Rufiji ilikuwa inakua. Mkorosho hauna haraka. Wapandwa leo, wavunwa baada ya miaka kadhaa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka Kusini. Mzigo uliosemwa kwamba haupo ulikuwa shambani, unachipua! Aliyesoma kitabu cha hesabu aliona mabehewa matupu. Angetoka ofisini akatembea maili tano porini angeona miche.

Si korosho peke yake. Mwaka 1965 ndugu zetu wa FRELIMO walifungua kambi yao kubwa ya mafunzo Nachingwea, mahali pale pale pa karanga, ili waikomboe Msumbiji. Watu, chakula na silaha vilihitaji njia. Ilikwisha kung'olewa, wakatumia malori na barabara za mchanga. Wakapita tena miaka, na mwaka 2015 kikafunguliwa Mtwara kiwanda kikubwa cha saruji. Katika miaka ya karibuni makaa ya mawe ya Ruvuma yanateremshwa mpaka bandari ya Mtwara, lori baada ya lori, mamia ya kilometa. Korosho nazo zilipita tani 300,000 katika msimu wa 2017/18. Korosho, saruji, makaa ya mawe: mtu akiambiwa ataje mizigo iliyoumbwa kwa ajili ya reli, angetaja mingine ipi? Yote imekuja baada ya reli kuondoka.

Huenda mtu wa Ruaruke akasema: Haya, lakini reli ya Nachingwea isingepita kwetu hata kama ingebaki. Ni kweli. Lakini atazame jambo lililotendeka kaskazini karibu wakati ule ule. Reli ya Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na mwaka 1929 ikafika Arusha. Reli ya Kati ilitoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Zilikuwa reli mbili ndani ya nchi moja, na hazikuonana. Mwaka 1963 ikafunguliwa njia ya kuziunganisha, kutoka Ruvu mpaka Mnyuzi, na ndiyo iliyowezesha mtu kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kwa gari la moja kwa moja. Kwa nini waliweza kuziunganisha? Kwa sababu zote mbili zilikuwako. Reli huita reli. Penye njia mbili zinazotazamana, siku moja atatokea mtu atakayeuliza kwa nini hazikutani. Reli ya Kusini ingaliachwa mahali pake, swali la kuiunganisha na Dar es Salaam lingaliulizwa, na mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi kwa nchi kavu hana pa kupita ila Rufiji. Tulipoteza hata swali lenyewe. Ajabu ni kwamba miaka ile ile iliyounganisha kaskazini ndiyo iliyong'oa kusini.

Badala ya reli tulipewa barabara, na barabara ya Kusini wasomaji wetu wanaijua. Kwa miaka mingi ilikuwa barabara ya kiangazi. Masika ikiingia, malori yalilala kwenye tope, na mtoni Rufiji kulikuwa na kivuko ambacho mto ukijaa kilisimama, abiria wakakaa ng'ambo na mizigo yao wakihesabu siku. Samaki na matunda havihesabu siku, vinaoza. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilometa moja, lilifunguliwa mwaka 2003, zaidi ya miaka 40 baada ya Uhuru. Hata hapo lami haikufuata mara moja. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, kilitungojesha zaidi ya miaka kumi mingine. Tulipokipata tulidhani mateso yamekwisha. Halafu Mei 2024, mafuriko ya Rufiji yakiwa hayajakauka vizuri katika mashamba yetu ya mpunga, kimbunga Hidaya kikaleta mvua iliyobomoa barabara kuu huko Somanga, wilaya ya Kilwa. Magari yakasimama pande mbili kwa siku kadhaa. Njia nyingine ya kwenda Mtwara kwa gari ni kuzunguka Songea, safari karibu mara tatu ya ile ya kawaida. Nchi ya watu wengi kiasi hicho, yenye gesi na korosho na bandari, ikafungwa na makalavati machache. Hatusemi reli haibomolewi na mvua, hubomolewa. Twasema mwenye njia mbili, moja ikikatika, hupita nyingine.

Wahenga wa pwani hii walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Malori ndiyo yaliyokuwa msala wetu.

Turudi kaskazini, maana huko kuna fundisho lililotuchoma roho na kutufurahisha kwa pamoja. Gari la abiria la Dar es Salaam na Moshi nalo liliondolewa. Katika miaka ya 1990 njia ilikuwa imechakaa, mabasi yalikuwa yakikimbia kwenye lami, na gari likasimama. Likasimama kwa karibu miaka 25. Nyasi zikaota kati ya mataruma. Mtoto aliyezaliwa mwaka lilipoondoka alikua, akaoa, bila kuliona. Watu walikwisha kata tamaa. Lakini reli zilikuwa bado zimelala chini ya nyasi. Serikali ilipoamua kulirudisha, mafundi walikuwa na mahali pa kuanzia: wakafyeka, wakabadili mataruma, wakatengeneza madaraja. Mwaka 2019 yakapita mabehewa ya mizigo, na Desemba ya mwaka ule ule likapita gari la abiria, wakati Wachaga wanarudi nyumbani kula Krismasi, jambo ambalo hakuna awezaye kulizuia, liwe na gari au lisiwe nalo. Oktoba 2020 gari likafika Arusha.

Tulipoyaona hayo tulifurahi pamoja na ndugu zetu wa Kilimanjaro. Kisha tukajiuliza: Kama Serikali hiyo hiyo, na mafundi hao hao, wangetaka kufufua gari la Mtwara na Nachingwea, wangefyeka nini? Wangefufua nini? Gari la kaskazini lililala, likaamshwa. La kusini lilizikwa, na kaburi lake hata jiwe halina.

Ndiyo maana tumeiita tahariri hii jina lile. Kusimamisha gari ni shauri la mwaka huu na mwaka ujao. Likiwa kosa, laweza kusahihishwa. Kung'oa reli ni kuwaamulia watoto na wajukuu, na hakuna afisa, hata awe na elimu ya namna gani, ajuaye mjukuu wake atakuwa na mzigo gani.

TAZARA nayo yatuunga mkono. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, baada ya wakubwa wa nchi za Magharibi kusema ati haitalipa. Ndugu zetu wa China walikubali, nasi tukaijenga kwa sababu Zambia ilikuwa imezingirwa na makaburu na Wareno. Tuseme ukweli: mara nyingi haikulipa. Injini zimeharibika, magari yamechelewa, wafanyakazi wamengojea mishahara. Lakini reli ipo. Bwawa la Julius Nyerere lilipojengwa hapa hapa kwetu Rufiji, vyombo vizito vilishushwa katika stesheni ya TAZARA ya Fuga. Na mwaka 2024, huko Beijing, viongozi wa nchi tatu walishuhudia makubaliano ya kuifufua yakitiwa saini. Hakuna atiaye saini ya kufufua tuta.

Sasa tusiwe watu wa kulaumu tu. Serikali iliyoachiwa nchi mwaka 1961 ilikuta hazina haba, shule chache, hospitali chache, na wasomi wa kuhesabika. Mtu akiwa na shilingi kumi na watoto ishirini, hawezi kuziweka katika gari linalotembea tupu. Hata leo, kila fedha inayozibia hasara ya reli ni fedha ambayo ingenunua dawa za zahanati ya Ruaruke, na sisi wa Ruaruke hatuwezi kujifanya hatulijui hilo. Hatudai kila gari litembee daima, lijae lisijae. Mwenye kudai hivyo ataua reli zote kwa kutaka kuziokoa zote.

Lakini hesabu yenyewe na ifanywe kamili. Hasara ya gari la moshi huandikwa katika kitabu cha reli, na gari likiondolewa hasara ile hufutwa, wakubwa wakapeana mikono. Je, imekwisha? La hasha! Imehama tu. Imekwenda kwa mkulima anayelipa nauli kubwa ya lori na kuuza korosho zake kwa bei ndogo. Imekwenda kwa mama mwenye kapu la samaki lililoharibika njiani. Imekwenda Hazina kwa mlango wa nyuma, maana barabara inayobebeshwa makaa ya mawe na saruji usiku na mchana hufumuka, na fedha za kuitengeneza ni za umma vile vile. Hasara hizo hazina kitabu, kwa hiyo hakuna azionaye. Twataka kila afisa anayependekeza kuondoa gari mahali popote, aandike na upande huo wa pili, ausome mbele ya wananchi wa mahali hapo.

Na sisi wananchi tujisemee wenyewe, maana tusiposema tutakuwa wanafiki. Ni nani afunguaye parafujo za reli usiku akaziuza kwa chuma chakavu? Si mkoloni, alikwisha ondoka. Ni nani ajengaye kibanda juu ya ardhi ya reli, kisha akaombe fidia? Ni nani apandaye gari bila tikiti, akajificha chooni, kesho akalalamika kwamba gari limeondolewa kwa hasara? Anayenunua chuma cha reli kilichoibwa amefanya kazi ile ile iliyofanywa Kusini, ila yeye anaifanya kipande kwa kipande.

Twaomba mambo yasiyo makubwa. Kwanza, isiwe katika uwezo wa shirika peke yake kung'oa reli katika nchi hii. Gari lisimamishwe na shirika kama haina budi, lakini reli isiguswe mpaka Bunge limelijadili jambo lenyewe wazi. Pili, njia inapofungwa, ardhi yake ihifadhiwe, alama zake zisifukiwe, isigawiwe kwa viwanja. Tatu, reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, ambayo tumeisikia katika mipango kwa miaka mingi, ielezwe imefika wapi, na inapochorwa ikumbukwe kwamba kati ya Dar es Salaam na Mtwara kuna watu wa Mkuranga, Kibiti, Rufiji na Kilwa, nao hulima, huvua na husafiri.

Jambo la mwisho tunawaachia wanachama wa matawi yetu ya Lindi na Mtwara, walio karibu na mahali penyewe. Katika mikutano yenu ijayo waiteni watu wa ardhi wa wilaya, waje na ramani. Waulizeni tuta la zamani, kutoka Mtwara mpaka Nachingwea, leo lina jina la nani katika vitabu vyao. Mkipata jibu, tuleteeni, nasi tutalichapa.